Kudra, Uhaini na Deni la Mtawala: Garissa na Jaribio la Mapinduzi la 1982

Utangulizi

Katika historia ya tawala za Afrika ya Mashariki, jaribio la kumwangusha mtawala likishindwa hufuatwa na masimulizi ya aina mbili. Ya kwanza ni masimulizi ya mahakama: nani walikula njama, walikutana wapi, na walikusudia kutumia silaha gani. Ya pili ni masimulizi ya shukrani: kwamba Mwenyezi Mungu aliunyoosha mkono wake akamhifadhi yule aliyemweka madarakani. Masimulizi ya kwanza hubakia katika majalada. Ya pili huhubiriwa, huimbwa na kukaririwa hata yakawa sehemu ya lugha ya siasa.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza masimulizi hayo ya pili kwa kukitumia kisa cha tarehe 1 Agosti 1982 nchini Kenya, na kukitazama kutokea Garissa na eneo lote lililokuwa likiitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Ziko sababu mbili za kuchagua mahali hapo. Kwanza, afisa wa jeshi aliyeongoza kazi ya kuirudisha serikali siku ile alikuwa mwana wa Garissa. Pili, jamii aliyotoka afisa huyo ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na dola, kwa muda wa miaka karibu 20, kuwa ni jamii ya watu wasioaminika. Kwa hiyo mtu aliyemwokoa mtawala na wahaini alitoka miongoni mwa watu waliokuwa wakishukiwa uhaini.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba lugha ya kudra, inapotumiwa juu ya mtawala aliyenusurika, ina kazi ya kisiasa isiyoonekana kwa urahisi: humwondolea mtawala deni. Aliyeokolewa na Mungu peke yake hadaiwi na mwanadamu yeyote. Na pale ambapo mwokozi ametoka katika jamii inayoshukiwa, kufutwa kwa deni hilo huwa na matokeo mazito.

Msamiati wa Uhaini na wa Hifadhi

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno haini limetokana na Kiarabu, na lina undugu na neno hiana. Katika asili yake haini ni mtu aliyekabidhiwa kitu akakifuja au akakikana. Kinyume chake ni mwaminifu, yaani mtu wa amana. Maneno amini, imani, amana na uaminifu yote ni matawi ya mzizi mmoja. Uhaini, basi, kabla haujawa kosa la jinai, ulikuwa ni kuvunja amana.

Amana, kwa kawaida yake, ina pande mbili: yuko anayeweka na yuko anayewekewa. Jambo hili hudhihirika zaidi tukilitazama neno raia. Neno hili nalo limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuchunga mifugo. Raia ni wale wanaochungwa, na mtawala ni mchungaji wao. Kwa wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera maana hiyo haihitaji ufafanuzi. Mchunga aliyepewa ngamia za watu akazitelekeza jangwani, au akazichinja mwenyewe, amefanya hiana. Kwa mantiki ya maneno yenyewe, basi, mtawala naye aweza kuwa haini kwa raia wake.

Sheria ya kikoloni iliyorithiwa na Kenya huru ilichukua upande mmoja tu wa maana hiyo. Kifungu cha 40 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1351, kilihesabu kuwa uhaini si kitendo cha kumdhuru mkuu wa nchi tu, bali hata kule kuwaza na kukusudia kifo chake. Kosa likahamishwa kutoka mkononi likaingizwa moyoni. Ni dhahiri kwamba sheria inayohukumu mawazo hurahisisha kushuku watu kwa makundi, kwa kuwa moyo wa mtu hauonekani, ilhali kabila lake, dini yake na makao yake huonekana.

Ama kuhusu msamiati wa hifadhi, maneno yanayotumika sana ni kudra, rehema, hifadhi na mkono wa Mungu. Kinachostahili kuangaliwa zaidi hapa ni sarufi. Mtawala aliyenusurika husemwa kwa kauli ya kutendwa: aliokolewa, alihifadhiwa, alinusurishwa. Kauli hii huruhusu mtenda atajwe mwishoni kwa kiunganishi na, au asitajwe kabisa. Inapokamilishwa kwa maneno na Mungu, nafasi ya mtenda huwa imekwisha kujazwa. Dereva, askari, mpelelezi na mtangazaji wa redio hawana tena pa kukaa katika sentensi hiyo.

Kadhalika, lugha ya kudra hutumika baada ya tukio, wala si kabla yake. Mtawala akinusurika husemwa amelindwa. Akiuawa, kama alivyouawa Sheikh Abeid Amani Karume huko Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972, husemwa ajali yake imefika. Kauli zote mbili ni za imani, na hakuna sababu ya kuzidharau. Lakini mwanahistoria hana budi kutambua kwamba kauli inayoeleza kunusurika na kufa kwa nguvu zile zile haiwezi kutumika kama ushahidi wa haki ya mtawala kutawala.

Nchi Iliyoshukiwa

Eneo ambalo Garissa imo liliitwa na wakoloni Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Tangu sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za nje, mtu hakuruhusiwa kuingia humo pasipo kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 ikazidi kubana mwendo wa wenyeji wenyewe. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume kuchunguza matakwa ya wananchi wa huko, nayo ikaona kwamba walio wengi, hasa Wasomali, walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia. Matakwa hayo hayakutekelezwa. Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Tarehe 28 Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya uhuru, serikali ikatangaza hali ya hatari katika eneo hilo.

Vita vilivyofuata vimeingia katika historia kwa jina la Vita vya Shifta. Shifta ni neno la Kiamhari, lenye maana ya mwasi au mnyang'anyi wa porini. Lilipoingia katika Kiswahili cha Kenya lilipoteza maana ya uasi, ambayo ina harufu ya siasa, likabaki na maana ya ujambazi. Hivyo mtu aliyechukua bunduki kwa ajili ya mpaka na mtu aliyeiba ng'ombe waliitwa kwa jina moja. Baadaye jina hilo likapanuka zaidi, likawagusa hata wasiochukua bunduki wala ng'ombe.

Vita vilikoma kwa mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Hata hivyo hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991. Zaidi ya hayo, mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyowakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa matendo yao katika eneo hilo wakati wa vita. Mnamo Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari walichoma moto mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule. Kisa hicho kilitokea muda usiotimia miaka miwili kabla ya Agosti 1982. Hiyo ndiyo hali ya jamii iliyokuwa na mwana wake katika ngazi za juu za jeshi.

Jumapili ya Tarehe 1 Agosti 1982

Rais Daniel arap Moi alikuwa madarakani tangu kifo cha Mzee Jomo Kenyatta mwezi Agosti 1978. Alikuwa muumini wa Kanisa la African Inland, mwenye kuhudhuria ibada bila kukosa, na lugha ya dini haikuwa ngeni katika hotuba zake. Mwezi Juni 1982 Bunge lilikuwa limebadilisha Katiba na kuifanya KANU kuwa chama pekee kinachoruhusiwa kisheria.

Alfajiri ya Jumapili hiyo askari wa Jeshi la Anga waliteka kituo cha Sauti ya Kenya jijini Nairobi. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikuwa askari wa cheo cha chini. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake ilijulikana katika kila nyumba yenye redio, alilazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Rais alikuwa nyumbani kwake Kabarak, karibu na Nakuru.

Njama hiyo ilivunjika kwa mikono mingi. Marubani waliolazimishwa kurusha ndege za kivita kutoka Nanyuki ili wapige Nairobi walidondosha mabomu yao katika misitu ya Mlima Kenya. Waasi wengi waliacha kushika mahali pa maana, wakajiunga na uporaji wa maduka. Jeshi la nchi kavu lilibakia upande wa serikali. Aliyeongoza kikosi kidogo kilichokwenda kukikomboa kituo cha redio ni Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, Naibu Kamanda wa jeshi hilo, Msomali wa Garissa. Kabla ya adhuhuri sauti ile ile ya Mbotela ilitangaza kwamba Rais Moi angali madarakani. Siku ile ile Rais alirudi Nairobi. Zaidi ya watu 100, askari na raia, walikuwa wamekufa. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa Kenya mwaka uliofuata, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa kosa la uhaini, na akanyongwa Julai 1987.

Siku na majuma yaliyofuata yalikuwa ni ya shukrani. Wajumbe kutoka kila pembe walimiminika kwa Rais kutangaza utiifu wao. Makanisani na misikitini Mungu alishukuriwa kwa kuiepusha nchi na umwagaji mkubwa wa damu, na kwaya zikatunga nyimbo za kumsifu kiongozi. Shukrani hizo hazikuwa za unafiki kwa wote. Watu wengi walikuwa wameona maduka yakivunjwa na maiti barabarani, na kumshukuru Mungu kwa kupata salama ni desturi ya Mwafrika wa dini yoyote. Tatizo halikuwa katika shukrani, bali katika hesabu yake. Kilichookoka kilikuwa ni nchi, lakini katika lugha ya majukwaani aliyeokoka akawa ni mtu mmoja, na kuokoka kwake kukawa ni muhuri wa mbinguni juu ya utawala wake.

Mfano wa Njama ya Baruti

Jambo hili si la Kenya peke yake. Mfano unaokaribiana nalo sana unapatikana Uingereza, mwaka 1605. Wakatoliki wachache walifanya njama ya kulipua jengo la Bunge kwa baruti tarehe 5 Novemba, Mfalme James akiwamo. Siku kumi kabla, barua isiyo na jina ilipelekwa kwa Lord Monteagle, ambaye alitoka katika jamii ya Wakatoliki. Barua ilimwonya asihudhurie Bunge. Monteagle aliikabidhi kwa mawaziri wa mfalme, baruti ikagunduliwa, na njama ikafichuka.

Sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 1606 ilimpa shukrani Mwenyezi Mungu, kwa kuwa ndiye aliyemfunulia mfalme kwa roho yake maana ya maneno ya fumbo yaliyokuwamo katika barua ile. Iliamriwa kwamba kila mwaka, tarehe 5 Novemba, watu waende kanisani kushukuru, na amri hiyo ilidumu hadi 1859. Monteagle mwenyewe alituzwa ardhi na malipo ya kila mwaka. Lakini katika mwaka ule ule wa 1606 Wakatoliki wote wa Uingereza waliwekewa sheria kali zaidi na kutakiwa kula kiapo cha utiifu.

Utaratibu wa mambo wastahili kuzingatiwa, kwa kuwa utaonekana tena. Mtu wa jamii inayoshukiwa anasaidia kumwokoa mtawala. Mungu anashukuriwa hadharani. Mtu yule anatuzwa peke yake, kama mtu binafsi. Jamii yake inaendelea kushukiwa, na hata zaidi ya kwanza.

Baada ya Shukrani

Jenerali Mahmoud Mohamed alituzwa. Jeshi la Anga lilipovunjwa na kuundwa upya kwa jina lenye tarakimu za mwaka ule, 82, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuliongoza. Mwaka 1986 akawa Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya, cheo alichokishika hadi 1996. Ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, mbunge kutoka Garissa, aliteuliwa mwaka 1983 kuwa waziri, Msomali wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Kenya. Tuzo hizi hazikuwa ndogo, na mjini Garissa zilipokewa kwa fahari.

Hata hivyo, tarehe 10 Februari 1984, miezi 18 baada ya jaribio la mapinduzi, askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir. Walizuiliwa humo kwa siku kadhaa, juani, bila chakula wala maji, na wengi waliuawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliona kwamba huenda waliokufa walikaribia 1,000.

Yafaa kuonya hapa dhidi ya kurahisisha mambo. Garissa si Wajir, na ukoo wa Jenerali si ukoo wa waliouawa Wagalla. Asili ya operesheni ile ilikuwa ni pamoja na ugomvi wa koo na suala la silaha mikononi mwa wafugaji, na wala hakuna uhusiano wa moja kwa moja kati yake na Agosti 1982. Lakini dola yenyewe haikuwa na mazoea ya kutenganisha koo ilipokuja kwenye tuhuma. Mnamo Novemba 1989 serikali iliamuru kwamba Wasomali wote wa Kenya waliotimia umri wa miaka 18 wahakikiwe uraia wao na wapewe kadi maalumu, za rangi ya waridi. Hakuna jamii nyingine iliyotakiwa kufanya hivyo. Wakati amri hiyo inatolewa, Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya alikuwa Msomali. Yule aliyekabidhiwa bunduki zote za nchi alitoka katika jamii iliyotakiwa kuthibitisha kwamba ni ya nchi hiyo.

Hapo ndipo kazi ya lugha ya kudra inapodhihirika. Kama ingalisemwa waziwazi mwaka 1982 kwamba serikali imerudishwa kwa uaminifu wa askari, na kwamba miongoni mwao ametangulia mwana wa Garissa, basi tuhuma ya jumla juu ya Wasomali ingalipoteza msingi wake wa hoja. Ingalibidi neno shifta lijibu swali: je, ni haini gani huyu anayeilinda dola? Lakini masimulizi ya kudra yaliliondoa swali hilo kabla halijaulizwa. Mtu akatuzwa cheo, Mungu akapewa sifa, na jamii ikabaki mahali pale pale.

Hitimisho: Kitabu cha Kumbukumbu

Huenda ikadhaniwa kwamba hoja hii inampinga mwenye kuamini. Sivyo. Mapokeo ya dini zenyewe yanajua zaidi kuliko hotuba za majukwaani. Katika mafundisho ya Kiislamu, yanayojulikana sana Garissa kama yanavyojulikana pwani, imepokewa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Shukrani ya juu haikamiliki pasipo shukrani ya chini.

Katika Biblia nako, kitabu cha Esta kinasimulia kisa kinachofanana mno na hiki. Mordekai, Myahudi aliyeishi ugenini chini ya mfalme Ahasuero, anagundua njama ya watumishi wawili wanaotaka kumuua mfalme, naye anaitoa habari. Wahaini wanauawa, jambo linaandikwa katika kitabu cha kumbukumbu, na Mordekai hapewi kitu. Kisha Hamani, mkuu wa wakuu, anapata idhini ya kuwaangamiza Wayahudi wote, kwa hoja kwamba ni watu wa desturi zao wenyewe wasioshika amri za mfalme. Mabadiliko yanaanza usiku mmoja mfalme anapokosa usingizi, akaamuru asomewe kitabu kile, na akauliza Mordekai alitendewa nini kwa jambo hilo.

Ni jambo mashuhuri kwamba katika matini ya Kiebrania ya kitabu hicho jina la Mungu halikutajwa hata mara moja, na bado waumini wamekisoma karne nyingi kama kitabu cha kudra. Kudra yake imo katika matendo ya watu: aliyetoa habari, aliyeiandika, aliyeisoma, na mfalme aliyekubali kwamba anadaiwa. Tena heshima ya Mordekai peke yake haikutosha. Amri iliyowahusu watu wake nayo ilihitaji kujibiwa, na Esta hakunyamaza mpaka ikajibiwa.

Kwa Kaskazini Mashariki ya Kenya kitabu cha kumbukumbu kilichelewa. Rais Moi aliondoka madarakani Desemba 2002 na kufariki tarehe 4 Februari 2020. Ripoti ya Tume ilitolewa 2013, ikaandika Bulla Kartasi na Wagalla kwa majina yake. Kuandikwa ni hatua ya kwanza tu, kwani katika kisa cha Esta kitabu kilikaa bila faida hadi kiliposomwa mbele ya mwenye mamlaka. Wasomi wa lugha wana sehemu yao katika usomaji huo. Wakikutana na sentensi isemayo kwamba mtawala aliokolewa, na waulize mtenda ni nani, na wote waliotenda watajwe. Na wakikutana na neno haini, na wakumbuke kwamba amana iliyomo ndani yake iliwekwa pia mikononi mwa mchunga.